Tumbo Ndilo Linaloumwa, Kichwa Kipigwe Picha ya Nini?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za tumbo. Nimechukua chache. Kwa wageni wa safu hii: mimi ni mstaafu wa chumba cha picha, nilianza na eksirei, nikaja CT, ile eksirei inayomzunguka mtu, nikamalizia MRI, ile mashine ya sumaku kubwa, hapa hapa Mombasa. Si daktari, kwa hivyo dawa siandiki. Ila mashine nazijua, watu wanaolala ndani yake nawajua, na kusoma sikuacha.

SWALI: Shikamoo Bi. Mimi ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, nakaa Changamwe. Miaka mitatu iliyopita nilikwenda harusini Malindi, tukala, na usiku ule ule nikaanza kuhara na kutapika, mimi na nusu ya basi. Wenzangu walipona. Kwangu kuhara kuliisha lakini tumbo halikurudi lilivyokuwa. Asubuhi lanikata, naingia chooni mara tatu kabla ya kupanda matatu, na likishatulia linajaa gesi. Meli ikikawia au mteja akinipigia simu kwa ukali, ndio basi tena. Nimepimwa choo, damu, ultrasaundi, mwisho nikamezeshwa kamera. Wote wasema hakuna kitu. Daktari wa mwisho aliniambia nipunguze mawazo. Mke wangu sasa aamini natafuta visingizio vya kutokwenda kwao. Binamu yangu aliyeko Uingereza amenitumia makala: watu wenye tumbo kama langu wamepigwa picha za ubongo na zimeonekana tofauti na za wazima. Nimeuliza bei ya MRI ya kichwa hapa mjini. Nikiilipa, karo ya mtoto ya muhula huu haipo. Nataka kitu cha kuwaonyesha. Nipige?
Karani, Changamwe

JIBU: Marahaba, mwanangu. Lipa karo.

Jibu ni hilo, na kama mteja anakungoja waweza kuishia hapo. Lakini umegusa jambo linalowamaliza watu pesa, basi nitalieleza.

Picha utakayopigwa hapa mjini siyo ile uliyoisoma. Mashine huenda zikawa za aina moja, kazi ni tofauti. MRI ya kichwa ya hospitali inatafuta umbo lililoharibika: uvimbe, damu iliyovuja, mshipa ulioziba, maji yaliyojaa. Ubongo wa mtu mwenye tumbo kama lako, maradhi yanayoitwa IBS (kwa Kiingereza irritable bowel syndrome, utumbo mwepesi wa kuchokozeka), ukiutazama kwa picha ya namna hiyo, hauna la kukuonyesha. Utalala nusu saa hivi, utagongewa magogo masikioni, utapewa diski na karatasi inayosema ubongo uko sawa. Utakuwa umenunua "hakuna kitu" nyingine, ghali kuliko zote ulizonazo. Na hata kabla ya hapo, fundi wa zamu akiona karatasi ya daktari imeandikwa maumivu ya tumbo na picha inayoombwa ni ya kichwa, atashika simu kuuliza kama karatasi za wagonjwa wawili zimechanganyika. Mimi ningeishika.

Picha za kwenye makala ni za ubongo ukiwa kazini. Mwaka 1990 mwanasayansi wa Kijapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, Seiji Ogawa, alionyesha kwamba damu yenye oksijeni na damu iliyokwisha kuitoa oksijeni haziitikii sumaku sawasawa. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu mpya kwa wingi, na mashine huiona tofauti. Tofauti yenyewe ni ndogo mno, asilimia chache tu, kwa hivyo hupigwa picha mamia kwa mamia, moja kila sekunde mbili hivi, halafu kompyuta ikabaki na mahesabu yake. Ule wekundu na umanjano unaouona kwenye magazeti haukutoka kichwani mwa mtu. Ni rangi iliyopakwa na programu juu ya hesabu.

Sasa tumbo linaingiaje? Mnaosoma huku mnakula, niwieni radhi. Aliyekubali kushiriki huingizwa mpira mwembamba wenye kifuko laini mwishoni, ama kwa njia ya haja kubwa, ama kwa mdomo mpaka tumboni. Akishalala ndani ya mashine, kifuko hujazwa hewa kidogo kidogo kwa pampu inayopima msukumo, na yeye hubonyeza kitufe kueleza: sisikii, nasikia, yanisumbua, yaniuma. Wakati huo huo kichwa kinapigwa picha. Wanaojitolea kwa kazi hiyo nawapa heko.

Kifuko chenyewe kilitangulia picha. Mwaka 1973 daktari mmoja wa Uingereza, Ritchie, alikijaza mililita 60 za hewa ndani ya utumbo mpana wa watu. Kwa watu wasio na tatizo, 6% walisikia maumivu. Kwa wenye tumbo la aina yako, 55%. Hewa ile ile, kipimo kile kile. Hata hivyo mabishano hayakwisha, maana mtu waweza kudai kwamba hawa ni walalamishi wa kuzaliwa, ukimuuliza inauma atasema inauma. Ndipo picha za ubongo zilipokuja na faida yake. Za mwanzo kwa wagonjwa hawa zilitoka Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles mwaka 1997, kwa mashine ya PET, inayofuata chembe za mionzi zilizotiwa mwilini, kisha MRI ikaichukua kazi. Tafiti zilikuwa ndogo ndogo, na mwaka 2011 zikajumlishwa pamoja. Jumla ile ilionyesha kwamba kifuko kikijazwa, wagonjwa na wazima wote huamka sehemu zinazopokea habari za tumbo, kama insula, iliyojificha ndani ya mkunjo ubavuni mwa ubongo. Wagonjwa wakazidi kwenye sehemu za hofu na hadhari, ikiwemo amigdala, na kwenye kituo cha chini kinachohusika na kupandisha na kushusha maumivu. Wazima wao walizidi mbele, nyuma ya kipaji cha uso, panapofanyiwa kazi ya kupima jambo na kulituliza.

Utafiti ulionikaa mimi zaidi ni wa mwaka 2008, wa Los Angeles vile vile, kwa wanawake. Walipewa ishara kwamba kifuko kitajazwa sasa hivi. Hakijajazwa bado. Wanawake wasio na tatizo, ubongo wao ulishusha kazi katika sehemu kadhaa kabla maumivu hayajafika, kana kwamba unajikinga. Wenye maradhi hawakushusha kiasi hicho. Wewe mwenyewe umeniandikia kitu hicho hicho bila kujua: meli ikikawia tumbo laanza. Mteja hajasema kitu bado, lakini simu imelia.

Basi kwa nini nisikwambie upige, kama picha zinaonyesha yote haya? Kwa sababu ni jumla ya watu. Wanachukua wagonjwa kadhaa na wazima kadhaa, wanatafuta wastani wa kila kundi, wanatoa huu kwa ule. Ukimchukua mgonjwa mmoja mmoja, yuko ambaye ubongo wake hautofautiki na wa jirani yake mzima, na yuko mzima anayefanana na wagonjwa. Hakuna daktari, hapa wala Los Angeles, anayetazama picha hiyo moja akasema huyu anayo, huyu hana. Na mahesabu yake yakifanywa kizembe hutoa vichekesho. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake Marekani walimlaza samaki ndani ya MRI, samoni aliyekwisha kufa, wakamwonyesha picha za watu wakiwa katika hali mbalimbali na kumuuliza wanasikiaje. Kabla ya kurekebisha hesabu, kompyuta ikatoa nukta nyekundu kwenye ubongo wa yule maiti. Walipozirekebisha zikatoweka. Walifanya makusudi kuwaonya wenzao, na mwaka 2012 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti wa kuchekesha kwanza na kufikirisha baadaye.

Kwa mkeo huna haja ya diski. Mwambie hivi: jina la maradhi haya ni IBS, na tangu mwaka 2016 wataalamu wa Rome Foundation, ambao ndio huweka vipimo vyake duniani, huyataja pamoja na ndugu zake kama maradhi ya mawasiliano kati ya utumbo na ubongo. Kamera inaona ngozi ya ndani ya tumbo. Kidonda itakiona, saratani itaiona, lakini mazungumzo ya mishipa ya fahamu haiyaoni. Utumbo wa binadamu una seli za fahamu zaidi ya milioni 100 zake peke yake, na katika ule mshipa mrefu unaoshuka kutoka kichwani hadi tumboni, vagasi, nyuzi nane katika kila kumi hupeleka habari juu, si kuleta amri chini. Kwako wewe mfumo huo umebaki kama king'ora cha duka la simu kinacholia hata paka akipita. Mwizi hayuko. Kelele ipo, na usiku hulali.

Na ile harusi ya Malindi usiisahau, maana daktari mwenye haraka hakuulizi. Mtu mmoja katika kila kumi hivi wanaougua maambukizi ya tumbo hubaki na IBS. Mwaka 2000 maji ya mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada yaliingiwa na bakteria, maelfu wakaugua. Walifuatiliwa miaka 8, na waliougua bado walikuwa na matumbo mabaya kuliko majirani waliookoka. Kwa hivyo kilichoanza kwako ni chakula kibaya, na woga umekuja kukaa juu yake. Daktari aliyekwambia "punguza mawazo" alishika mkia akauacha mwili.

Pesa yako ipeleke hapa. Tafuta daktari mmoja ukae naye, acha kuhama. Mweleze maumivu yanakuja mara ngapi kwa wiki, yanabadilika vipi ukienda haja, na choo kinakuwaje. Kipimo cha Rome ni maumivu ya angalau siku moja kwa wiki katika miezi 3 iliyopita, na tatizo liwe limeanza si chini ya miezi 6 nyuma. Mweleze pia kama umepungua mwili bila kujua, umeona damu chooni au choo cheusi kama lami, una homa, umeishiwa damu, au tumbo linakuamsha usingizini. Hayo yakiwepo, hadithi ni nyingine, na vipimo virudiwe upesi hata kama vya zamani vilikuwa safi. Mwenye miaka 50 ambaye tumbo limembadilikia juzi juzi naye asijipe jina la IBS nyumbani.

Kisha kuna tiba zisizo vidonge. Manchester, mwaka 1984, daktari Peter Whorwell aliwatibu wagonjwa sugu kwa hipnosi iliyoelekezwa tumboni, yaani kumtuliza mtu kwa maneno mpaka awe kama nusu usingizini, wakapata nafuu kuliko waliopewa mazungumzo ya kawaida na vidonge bandia. Hapa kwetu wa hipnosi hutampata kirahisi, lakini mshauri wa kisaikolojia anayejua kufundisha mtu kutambua ile hofu ya kabla ya maumivu na kuivunja nguvu, yupo, na bei yake si ya MRI. Mazoezi nayo yamepimwa Uswidi mwaka 2011 na kusaidia. Shuka matatu kituo kimoja kabla. Mkeo umchukue siku ya daktari, asikie kwa masikio yake.

SWALI: Asalamu alaikum Bi. Mimi nikila matonge mawili matatu nimeshiba, tumbo lajaa hapa juu chini ya kifua na lachoma. Kamera haikuona kidonda, na yule mdudu wa vidonda vya tumbo hayuko. Dawa za asidi nimekunywa hazikusaidia sana. Sasa daktari ameniandikia amitriptilini. Nilipokwenda kuinunua, kijana wa duka la dawa aliisoma kwa sauti mbele ya wateja, akasema hii ni ya wagonjwa wa akili. Nikaondoka bila kuichukua. Mimi nina wazimu?
Umm wa Wawili, Mji wa Kale

JIBU: Waalaikumu salamu. Huna wazimu, na yule kijana angefaa kuuza vocha za simu.

Amitriptilini ilianza kweli kama dawa ya mfadhaiko, lakini kwa mfadhaiko hutolewa kwa kipimo kikubwa. Kwa tumbo huanza na miligramu 10 usiku. Kwa kiasi hicho kazi yake kubwa ni kwenye mishipa ya fahamu inayobeba maumivu, ile ile tuliyomwambia Karani. Uingereza waliipima kwa wagonjwa 463 wa IBS, miligramu 10 hadi 30, matokeo yakatoka mwaka 2023: waliokunywa dawa walipata nafuu kuliko waliokunywa kidonge bandia. Kwa tumbo la juu kama lako, Marekani na Kanada walikuwa wameshaipima na kuchapisha mwaka 2015, ikasaidia hasa wenye maumivu kama ya vidonda vya tumbo. Dawa nyingine ya mfadhaiko waliyoilinganisha nayo haikusaidia. Lau ingekuwa ni kutibu wazimu, na ile nyingine ingefaa.

Ubongo wa watu wa tumbo la juu nao umepigwa picha, sana sana Leuven, Ubelgiji. Hapo kifuko hujazwa ndani ya tumbo lenyewe. Mwaka 2010 walionyesha kwamba tumbo la mzima likitanuka, kuna sehemu za ubongo wake zinazotulia. Za mgonjwa hazikutulia. Na nje ya ubongo pia kuna kitu: kwa wagonjwa wengi sehemu ya juu ya tumbo hailegei ipasavyo kupokea chakula, ndiyo sababu ya matonge mawili. Kula kidogo kidogo mara nyingi, na mafuta ya biryani yapunguze, kwa sababu mafuta hulichelewesha tumbo kujimwaga.

Rudi kwa daktari, umjibu maswali matatu. Una tatizo la moyo? Unatumia dawa nyingine? Una mpango wa kubeba mimba? Mdomo utakauka, utasinzia asubuhi za mwanzo, na choo chaweza kuwa kigumu. Usiigawe kwa shangazi ambaye naye "tumbo lake hivyo hivyo". Subiri wiki kadhaa kabla ya kuihukumu.

Kuhusu aibu, kuna uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 uliouliza zaidi ya watu 73,000 katika nchi 33. Waliojibu kwa intaneti, zaidi ya 40% walikuwa na mojawapo ya maradhi haya. Waliohojiwa nyumbani, uso kwa uso, ikawa kama 20%. Nina dhana yangu kwa nini: nani atamweleza mgeni habari za choo sebuleni kwake? Pale dukani, katika wateja waliokugeukia, wako waliokuwa wameshika matumbo yao.

SWALI: Bi, mama yangu asema nimetupiwa kitu, kwani hospitali hawaoni. Nimeandikiwa kombe, aya zikaoshwa kwa maji, nikalinywa, na kweli siku tatu nne nilikuwa mzima. Kisha likarudi. Kama kombe lasaidia, si ina maana haikuwa ya hospitali?
Kijana wa Kisauni

JIBU: Ya dini waulize masheikh, na ya mama yako siyavunji. Nitasema la upande wangu tu. Tumbo hili lina tabia ya kupanda na kushuka lenyewe, na mtu hutafuta tiba siku lilipomzidi, kwa hivyo chochote atakachokinywa siku ile hukuta linaanza kushuka. Tena nafuu ya kutunzwa ni nafuu kweli. Mwaka 2010, Boston, Ted Kaptchuk na wenzake waliwapa wagonjwa wa IBS vidonge vitupu na kuwaambia waziwazi: hivi havina dawa ndani. Walikuwa watu 80 jumla. Baada ya wiki tatu, 59% ya waliokunywa vidonge vitupu walisema wamepata nafuu ya kutosha, dhidi ya 35% ya wasiopewa kitu ila muda ule ule wa kuzungumza na daktari. Wala hawakudanganywa.

Kwa hivyo nafuu yako haithibitishi kwamba umetupiwa, wala haikanushi kwamba unaumwa. Ninalokuomba ni maji ya kombe yawe yamechemshwa, na mizizi ya unga usiyoijua jina usiinywe, maana ini huilipia. Mama aendelee kukuombea. Wewe nenda kapimwe choo na damu, mara moja, mahali pamoja. Hizo dawa za amiba na taifodi wanazopewa watu kila mwezi kwenye vibanda, kwa vipimo vya dakika kumi, zinawamalizia bakteria wema tu.

SWALI: Mahamri na mbaazi za nazi ndicho kifungua kinywa changu tangu utotoni, sasa nikila nafura kama ngoma. Je, nimepata mzio?
Mpenzi wa Mbaazi, Majengo

JIBU: Si lazima iwe mzio. Mbaazi, maharagwe, kitunguu maji, kitunguu thomu na ngano zina wanga ambao utumbo mwembamba hauufyonzi vizuri. Ukifika chini bakteria huuchachusha, gesi ikatoka. Watu wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, ndio waliotunga mlo wa kuupunguza, unaoitwa FODMAP.

Lakini sikiliza la Nottingham, maana hao walipiga MRI ya tumbo lenyewe, picha za kazi yangu. Matokeo ya mwaka 2017: waliwanywesha wagonjwa wa IBS na wazima vinywaji vyenye wanga huo, wakapima gesi ndani ya utumbo mpana. Gesi ilikuwa sawa kwa pande zote mbili. Wagonjwa wakaumia, wazima wakaenda zao nyumbani. Kwa hivyo jirani yako anayekula mbaazi akacheka anayo gesi kama yako, ila utumbo wake haumpigii kelele.

Roweka mbaazi usiku kucha, maji yale mwaga, chemsha kwa maji mapya. Kitunguu kikaange kizima kwenye mafuta, ukitoe kabla ya kutia kitu chenye maji. Jaribu kupunguza vyote hivyo kwa wiki nne hadi sita, si zaidi, kisha rudisha kimoja kimoja ujue adui yako ni yupi. Maziwa ya chai yaangalie pia, watu wazima wengi wa kwetu hawayasagi. Na kama jioni unatafuna muguka halafu walalamikia choo kigumu, hilo silo swali la mbaazi.

SWALI: Mama yangu anaumwa kichwa sana na daktari ameagiza MRI, si ya tumbo yenu hiyo. Ana kipini ambacho hakijatoka puani tangu aolewe, na hirizi mkononi. Watamvua?
Binti wa Likoni

JIBU: Hirizi lazima itoke, kwa sababu nyingi zina bati au risasi ndani na hakuna anayejua kilichofungwa humo. Mwambie ataivaa tena akitoka. Ishike wewe wakati huo. Kipini cha dhahabu halisi hakivutwi na sumaku, lakini dhahabu ya madukani ina mchanganyiko wake na chaweza kupata moto, tena kipo karibu na panapopigwa picha kikaiharibu. Kabla ya siku ile mpelekeni kwa sonara akitoe taratibu kwa mafuta, msingoje kumhangaisha mlangoni kwetu na foleni nyuma yake.

Sumaku ya hospitali, ile ya kawaida ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), ina nguvu mara zaidi ya 30,000 ya sumaku ya dunia, na haizimwi mgonjwa akitoka. Iko usiku na mchana. Basi wanja wa macho aoshe, kwa kuwa baadhi una chembe za chuma. Hina ya kawaida haina neno. Pini za mtandio, na hasa zile mpya za sumaku ambazo wasichana wanazipenda, zitoke zote, na wewe unayemsindikiza utoe zako kama utaingia naye. Muulizeni kama aliwahi kufanyiwa operesheni ya moyo, ya jicho au ya mshipa wa kichwani, au kuwekewa chuma mfupani, na karatasi za operesheni hiyo mje nazo. Kama anaogopa kufungiwa mahali padogo, aseme tangu siku ya kupanga miadi, si akiwa ameshalazwa kitandani.